Ratili Mbili za Unga: Siku Tisa Katika Njia ya Jane Manning James

Siku ya kwanza: Nauvoo, Illinois

Tulifika Nauvoo saa nne asubuhi, mimi na Shangazi, tukitokea Des Moines ninakoishi. Shangazi alikuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu, na alikubali kuandamana nami kwa sharti moja tu: nimweleze vizuri huyo mwanamke tunayemfuata ni nani, na ana nini hata watu wazima waache nyumba kwa siku tisa. Nikamweleza tukiwa tumeegemea ukuta wa nyumba iitwayo Mansion House, ambayo ingali imesimama hatua chache kutoka ukingo wa mto Mississippi.

Jane Manning alizaliwa Wilton, katika jimbo la Connecticut, mwanzoni mwa miaka ya 1820. Alikuwa mwanamke mweusi aliyezaliwa huru, ingawa mama yake aliwahi kuwa mtumwa, na tangu utotoni alifanya kazi za ndani katika nyumba ya Wazungu. Alipokuwa bado kijana alizaa mtoto wa kiume, Sylvester, bila ndoa. Akiwa na umri wa miaka ishirini hivi alibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kwa jina la Wamormoni, na mwaka 1843 akafunga safari pamoja na mama yake, kaka na dada zake ili kuhamia Nauvoo, mji wa nabii Joseph Smith. Walipofika Buffalo wakanyimwa nafasi ya kuendelea kwa chombo cha majini. Basi wakatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000. Katika simulizi aliyoitoa uzeeni na kuandikwa na mtu mwingine, Jane anasema viatu viliisha, nyayo zikapasuka na kutoka damu hata alama kamili ya mguu ikaonekana ardhini, wakasimama wakaomba, na miguu ikapona. Kule Peoria walitishiwa jela kwa kukosa hati za uhuru, hati ambazo Jane, aliyezaliwa huru, hakuwahi kuzihitaji.

Mlangoni hapa ndipo Emma Smith, mke wa nabii, alipowakaribisha ndani. Sanduku la nguo la Jane lilikuwa limepotea njiani, na siku jamaa zake walipotawanyika kutafuta kazi, yeye alibaki analia kwa kutojua pa kwenda. Joseph Smith alimwambia kwamba katika nyumba hii machozi hufutwa. Jane akapewa kazi ya kufua, kupiga pasi na kupika. Humo ndimo alimokaa siku moja na wanawake wanne, wawili kati yao wakiwa dada Emily na Eliza Partridge, wakamdokezea kwamba wao ni wake za nabii.

“Kwa hiyo hao walikuwa wake wenza,” Shangazi aliuliza, “na mwenye nyumba alijua?”

“Kuna wakati alikubali, Shangazi, kisha akakataa, na wale dada wawili wakaondoka nyumbani.”

“Hiyo naijua,” alisema, akatazama mto.

Nilimwomba asilisahau jina la Eliza Partridge, kwa kuwa tutakutana naye tena. Joseph Smith aliuawa na genge la watu tarehe 27 Juni 1844 katika jela ya Carthage. Jane akahamia nyumba ya Brigham Young, aliyeliongoza Kanisa baada ya Smith, akaolewa na Isaac James, mtu mweusi huru mwenye asili ya New Jersey, na Wamormoni walipoanza kufukuzwa Illinois, yeye na mumewe na mtoto wakawa miongoni mwa waliohama kwenda magharibi. Ndugu zake wengi hawakwenda. Barabara ya Parley, ambayo magari ya maksai yaliishukia kuelekea kwenye kivuko, inaishia majini bila kona. Tuliitembea yote kwa dakika chache.

Siku ya pili: kuivuka Iowa

Kundi la kwanza lilivuka Mississippi tarehe 4 Februari 1846, katika baridi kali, na Jane na Isaac wakafuata katika majira ya kuchipua, wakati theluji ilikuwa imekwisha na tope limeanza. Sisi tuliivuka Iowa kwa saa chache, mahindi kulia na kushoto, kiyoyozi kikivuma. Kundi la Brigham Young lilitumia miezi minne katika umbali huohuo wa kilomita takriban 480, kwa kuwa mvua haikukatika na magurudumu yalizama hadi kwenye ekseli. Kuna siku waliamka, wakasukuma mchana kutwa, na jioni wakaweza kuona moshi wa kambi waliyoiacha asubuhi.

Nilipenda kusimama Garden Grove na Mount Pisgah, vituo viwili ambako waliotangulia walilima, wakapanda, wakajenga uzio, kisha wakaondoka ili wavune watakaokuja nyuma. Mount Pisgah leo ni kilima chenye nyasi na mnara wa kumbukumbu ya waliozikwa hapo. Jane alipita upande huu akiwa na mimba kubwa. Katika simulizi yake hakuna hata neno moja kuhusu tope, na nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilidhani amesahau. Sasa nafikiri kwamba kwa mtu aliyewahi kutembea kutoka Buffalo hadi Nauvoo, tope halikuwa habari ya kusimulia.

Siku ya tatu: Keg Creek

Sentensi iliyonileta hapa ni fupi mno. Jane anasema kwamba huko Keg Creek alizaliwa mwanawe Silas, kisha anaendelea na mambo mengine. Ilikuwa Juni 1846. Keg Creek ni kijito tu, magharibi mwa Iowa, si mbali na mto Missouri. Tulikiona kutoka darajani, maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingo za udongo zilizomomonyoka, mbu wengi. Shangazi, ambaye amezaa watoto sita, watatu nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi, alishuka hadi kwenye majani akasimama kwa muda mrefu.

“Mwanangu, maji yako karibu,” alisema hatimaye. “Angalau hilo.”

Kwa mzazi jambo hilo si dogo. Maji ya kuoga, ya kufulia vitambaa, ya kunywa: yote yalichotwa kutoka humu, na humuhumu maksai wa mamia ya wasafiri walinyweshwa. Hapakuwa na siku arubaini za kukaa ndani. Kambi iliposogea, mzazi alisogea. Wakunga walikuwepo, nao walikuwa watu wa thamani kuliko manahodha wa misafara. Aliyejulikana zaidi, Patty Sessions, alikuwa amepita umri wa miaka 50, akapokea watoto karibu 4,000 katika maisha yake, na aliandika shajara hata katika safari.

Mwezi mmoja baada ya Silas kuzaliwa, tarehe 14 Julai 1846, katika kambi za hukuhuku kandokando ya Missouri, Eliza Partridge naye alijifungua. Baada ya kifo cha Smith alikuwa ameolewa na Amasa Lyman, na mimba hii ilikuwa yake ya kwanza. Tofauti na Jane, Eliza alijua kuandika na aliandika wakati uleule, kwa hiyo tunayo maelezo ya chumba chake cha uzazi: gari la maksai lenye turubai, jua likiunguza mchana, baridi ikiingia usiku, na yeye mgonjwa kati ya hayo mawili. Mtoto alimwita Don Carlos. Kisha homa ya uzazi ikampata, akalala wiki nyingi kati ya uhai na kifo.

Julai hiyohiyo Jeshi la Marekani lilichukua wanaume wapatao 500 kutoka kambini kwenda vita vya Meksiko, na wake zao wakabaki kuendesha maksai.

Siku ya nne: Winter Quarters, Omaha

Mahali walipojibanza katika majira ya baridi ya 1846 na 1847 leo ni mtaa wa Florence, kaskazini mwa jiji la Omaha, wenye maduka na shule na hekalu jipya. Walijenga vibanda vya magogo vyenye paa la udongo, mamia kwa mamia. Chakula kilikuwa mahindi na nyama ya chumvi, bila mboga wala matunda, na kiseyeye kikaingia: fizi zikaoza, miguu ikavimba na kuwa myeusi. Homa za mbu wa kiangazi zilikuwa zimekwisha kuwachosha. Mamia walikufa, na wengi wao walikuwa watoto wachanga na mama zao.

Makaburini ipo sanamu ya shaba iliyosimamishwa mwaka 1936, ya mume na mke juu ya kaburi la mtoto wao. Yeye amemfunika mkewe kwa joho. Watalii waliokuwepo walipiga picha wakanyamaza. Mimi nilikuwa na jambo jingine kichwani, yaani tarehe 12 Desemba 1846, siku ambayo Eliza aliandika kwamba mtoto amekufa. Don Carlos aliishi miezi mitano. Silas, mtoto wa Jane, ambaye kwa hesabu alikuwa na miezi sita siku ile, aliuvuka msimu ule wa baridi. Sababu haijulikani, na sitaitunga. Ninachoweza kusema ni kwamba Jane alitumia majira yote ya baridi akinyonyesha katika mji wa watu wenye kiseyeye, na kwamba maziwa hayo hayatajwi popote.

Siku ya tano: bonde la Platte

Leo tuliendesha kilomita zaidi ya 700, tukiufuata mto Platte, kutoka Omaha hadi Scottsbluff. Ni mto mpana lakini wa kina kifupi, unaojigawa katika mikondo mingi yenye visiwa vya mchanga, na ardhi pembeni imelala kama mkeka. Kundi la kwanza la Brigham Young lilipita Aprili 1847 likiwa na wanaume 143, wanawake watatu na watoto wawili. Yale yaliyofuata Juni yalikuwa na watu kama 1,500, familia nzima na kuku zao, na Jane alikuwamo katika msafara ulioongozwa na Daniel Spencer. Sylvester alikuwa mtoto wa kuweza kuchunga ng'ombe. Silas alikuwa ametimiza mwaka, umri wa kujifunza kutembea, na mwenye kulea anajua maana yake karibu na magurudumu ya chuma.

Nilijaribu kumweleza Shangazi siku ya mama katika bonde hili. Alfajiri anawasha moto, lakini miti ni haba, kwa hiyo kuni ni mavi makavu ya nyati, ambayo wanawake na watoto waliyaokota mchana wakitembea na kuyabeba katika aproni. Anakamua ng'ombe, maziwa yanayobaki yanatiwa katika ndoo yenye kifuniko na kuning'inizwa garini, na mtikisiko wa njia unayasukasuka hadi jioni siagi imejitenga. Anapika mara moja kwa milo miwili. Hapandi gari, kwa kuwa gari limejaa unga, mbegu, vyombo na wagonjwa, na maksai hawastahili mzigo wa ziada. Anatembea, mtoto mgongoni au kiunoni, kilomita kumi na sita hivi kwa siku, siku ikiwa njema.

“Na nguo za mtoto?” Shangazi aliuliza. Hilo vitabu vingi havikuliuliza. Zilianikwa na kuvaliwa tena. Siku za kufua zilitegemea mto na huruma ya nahodha.

Katika simulizi yake, Jane anaona jambo moja tu katika safari yote ya 1847 linalostahili kutajwa: ng'ombe walitimka, na wengine hawakuonekana tena. Hakuna zaidi.

Jioni, nje kidogo ya mji wa Scottsbluff, tulizuru kaburi la Rebecca Winters, mama aliyekufa kwa kipindupindu Agosti 1852. Rafiki wa familia alichukua ringi ya chuma ya gurudumu la gari, akaipinda, akachonga juu yake jina na umri, akaisimamisha kichwani pa kaburi. Chuma kimeliwa na kutu, lakini herufi zinasomeka kwa kidole hata mwanga ukiwa hafifu. Maelfu ya wengine katika njia hii hawana alama yoyote, maana magari yalipitishwa makusudi juu ya makaburi ili mbwa mwitu wasiyafukue.

Siku ya sita: Guernsey, Wyoming

Karibu na mji wa Guernsey, njia inapanda mgongo wa jiwe la mchanga, na magurudumu ya miaka mingi yamelikata jiwe hilo hadi kina cha mita moja na nusu mahali pengine. Niliingia humo, ukuta ukanifika kifuani. Katikati ya mifereji miwili ya magurudumu kuna ukanda mwingine uliolika, mpana kidogo, usio na umbo la gurudumu. Hapo walipita maksai na watu. Jane alipofika, jiwe lilikuwa bado juu zaidi, kwa kuwa wengi walikuja baada yake. Shangazi alivua kiatu akakanyaga kwa mguu mtupu. Alasiri tulilala mapema Casper, goti lake likimsumbua.

Siku ya saba: mto Sweetwater na South Pass

Jane hakuhusika na yaliyotokea hapa mwaka 1856, lakini sikuweza kupita bila kusimama. Mwaka huo Kanisa liliwapa wahamiaji maskini kutoka Ulaya mikokoteni ya kusukuma kwa mikono badala ya magari ya maksai, ili kupunguza gharama. Misafara miwili ya mwisho ilichelewa kuondoka, theluji ikaikuta Wyoming mwezi Oktoba, na watu zaidi ya 200 wakafa. Ni kosa la waliopanga na walioruhusu kuondoka kwa kuchelewa, na sioni haja ya kulipamba.

Miongoni mwao alikuwa Elizabeth Jackson, Mwingereza wa miaka 30, mama wa watoto watatu. Aliamka usiku katika hema akahisi mumewe hapumui vizuri. Alipomgusa tena alikuwa amekufa. Hakukuwa na taa, wala kitu kikavu cha kuwasha, wala mtu wa kumsaidia. Akalala kando ya maiti hadi kulipokucha. Siku chache baadaye, hema lilipokosa mtu mwenye nguvu ya kulisimamisha, alikaa juu ya jiwe usiku kucha, mtoto mmoja mapajani, wengine wawili kila upande. Alifika Utah akiwa hai na watoto wote watatu.

Mchana tulivuka South Pass, mita zipatazo 2,260 juu ya usawa wa bahari, ambako kila tone la mvua linachagua bahari yake. Nilitarajia mlima, kumbe ni uwanda mpana wenye upepo na vichaka vya kijivu.

Siku ya nane: kushuka bondeni

Fort Bridger, Echo Canyon, kisha bonde la Emigration. Barabara kuu ni ya malori, na tulishuka nayo kwa mwendo wao. Jane alifika bonde la Salt Lake, mwisho wa safari, tarehe 22 Septemba 1847, miezi miwili tu baada ya Brigham Young, bila ajali kubwa, kama asemavyo. Ukihesabu miezi kurudi nyuma kutoka siku alipozaliwa binti yake Mary Ann, katika majira ya kuchipua ya 1848, utaona kwamba huenda sehemu ya mwisho ya njia aliipita akiwa mjamzito tena.

Siku ya tisa: Salt Lake City

Tulilala kwa mama mmoja kutoka Uvira, muumini wa Kanisa hilohilo, ambaye ana Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili mezani na picha ya mjukuu juu yake. Asubuhi alitupeleka katikati ya jiji kwenye mnara wa Brigham Young, ambako bamba la shaba limeorodhesha waliofika Julai 1847. Wanaume watatu weusi, Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby, waliofika wakiwa watumwa wa waumini wenzao, wamewekwa mwishoni chini ya kichwa chao pekee: watumishi wa rangi. Katika bustani ya kihistoria kwenye mlango wa bonde wamesimamishiwa sasa sanamu zao, na Jane yuko pamoja nao.

Kisha makaburini. Jane alikufa Aprili 1908, na rais wa Kanisa alihutubia mazishi yake. Lakini kwa miaka mingi alikuwa ametuma barua kwa viongozi, mmoja baada ya mwingine, akiomba baraka za hekaluni, akiuliza kama hakuna baraka yoyote kwa ajili yake, na akakataliwa kwa sababu ya rangi. Mwaka 1894 walikubali jambo moja: aunganishwe na Joseph Smith milele kama mtumishi, na hata ibada hiyo ilifanywa na mwanamke mwingine kwa niaba yake. Kule Nauvoo, katika nguo alizofua, Jane aliwahi kukuta mavazi meupe ya ibada ya nabii, akayashika na kuyawaza. Aliruhusiwa kuyafua. Zuio hilo kwa watu weusi lilifutwa mwaka 1978, na ibada zake zikafanywa mwaka 1979, yeye akiwa marehemu kwa miaka 71.

“Na bado aliamini?” Shangazi aliuliza.

Mwenyeji wetu ndiye aliyejibu: “Aliamini, mama. Alisema imani yake ina nguvu kuliko siku ya ubatizo.”

Jioni, jikoni, niliwasimulia mwisho. Mwaka 1849 njaa ilikuwa bondeni. Jane anasema kwamba kilichomkata kuliko baridi ni kusikia watoto wake wakilia mkate naye hana wa kuwapa. Aprili mwaka huo mume wa Eliza alitumwa California, akamwacha bila unga. Eliza akaandika katika shajara yake kwamba Jane James amempa ratili mbili hivi za unga, ambazo zilikuwa kama nusu ya alizokuwa nazo.

Mama wa Uvira alitoa mizani yake ya jikoni, akamimina unga wa mahindi taratibu hadi gramu 900. Ulijaa bakuli moja la kawaida. Shangazi aliutazama, akahesabu kwa vidole: Jane, Isaac, Sylvester, Silas na Mary Ann.

“Ugali wa siku moja,” alisema. “Siku na nusu, ukiwapa watoto kwanza.”

Mwenyeji wetu akabandika maji.